Majagina Wasiokufa: Maongezi ya Watazamaji wa Filamu Mpakani Busia

Busia ni miji miwili yenye jina moja. Mmoja uko Uganda na wa pili uko Kenya, na kati yao pana kituo cha forodha ambacho marais wa nchi hizo mbili walikizindua rasmi mwezi wa Februari 2018, ili msafiri akaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Lakini wakazi wa huku walizoea kuvuka tangu zamani. Mwuza samaki, mnunuzi wa mahindi, mwendesha bodaboda, mwanafunzi aliyelala kwa shangazi yake ng'ambo ya pili, wote huamkia upande mmoja na kuchwewa upande mwingine, na lugha zao huvuka pamoja nao.

Burudani nayo huvuka. Pande zote mbili pana mabanda ya video: kuta za mabati, viti virefu vya mbao, televisheni moja na spika mbili zinazosikika mpaka barabarani. Filamu zinazoonyeshwa humo aghalabu ni za ng'ambo, lakini haziachwi ziseme peke yake. Sauti ya asili hupunguzwa, na juu yake huwekwa sauti ya msimulizi anayeeleza, anayefasiri, anayetania, na anayewapa wahusika majina ya kwetu. Upande wa Uganda msimulizi huyo husema Kiganda, kwa mtindo wa akina VJ Jingo na VJ Junior. Upande wa Kenya husema Kiswahili, kwa mtindo ambao DJ Afro aliueneza nchini humo. Dar es Salaam nako alikuwako Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyewafasiria watu wa mji ule filamu kwa Kiswahili. Najua kwamba nyingi za nakala hizo hutolewa pasipo idhini ya wenye filamu, na jambo hilo silitetei. Nalitaja kwa kuwa makala haya yanahusu watazamaji na wala si wauzaji.

Mimi hufundisha Kiswahili katika shule ya sekondari upande wa Uganda. Kwa miaka mingi niliyahesabu mabanda hayo kuwa adui wa kazi yangu. Humo, nilidhani, ndimo wanafunzi wangu walimojifunza kusema "ako na" badala ya "ana", na "mwenye anakuja" badala ya "anayekuja". Niliyoyaona mwaka 2024 yamenifanya niifikirie upya dhana hiyo, na ndiyo ninayotaka kuwasimulia walimu wenzangu.

Katika muhula wa tatu wa mwaka huo niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili insha yenye kichwa "Filamu Niliyoitazama". Mvulana mmoja, ambaye jina lake nitalihifadhi, aliandika juu ya filamu ya Deadpool & Wolverine iliyotoka mwezi wa Julai. Filamu hiyo ni ya kuchekesha na ni ya majagina kwa wakati mmoja, tena ni ya tatu katika mfululizo wake. Kwa matusi yake na damu yake haikustahili kutazamwa na kijana wa umri ule, na hilo peke yake lilitosha kunikasirisha. Sentensi ya pili ya insha yake ilikuwa hivi: "Hawa masteringi wawili hakuna mwenye anaweza kufa, sasa wanapigania nini?"

Steringi ni neno la mabandani. Maana yake mhusika mkuu. Nililikata, nikaandika juu yake "majagina". Nilikata pia "mwenye anaweza", nikaandika "anayeweza". Pembeni niliongeza kwa wino mwekundu: "Hii ni lugha ya banda, si ya darasani." Nikampa alama nne katika ishirini. Tangu siku ile mvulana hakuinua tena mkono katika somo langu. Nilipomwita kwa jina alisimama, akatazama chini, akasema, "Sijui, mwalimu." Nilidhani ni uvivu.

Jumamosi moja ya mwezi wa Oktoba nilivuka kwenda upande wa Kenya kununua vitabu vya hadithi. Wakati wa kurudi mvua ikanikuta njiani, nayo mvua ya Busia haimngoji mtu afike. Nikakimbilia paa la karibu, na paa hilo likawa la banda la video. Mwenye banda alinikaribisha akisema, "Ingia, mwalimu, kujikinga mvua hatutozi." Humo ndani filamu ile ile ya Deadpool ilikuwa ikikaribia mwisho, ikisimuliwa kwa Kiswahili na mtu ambaye jina lake sikulishika. Haukupita muda umeme ukakatika. Giza likaingia, mvua ikazidi juu ya mabati, na kwa kuwa hapakuwa na mtu awezaye kutoka, watu wakaanza kuzungumza.

Nimehudhuria semina nyingi za fasihi, lakini ni chache zilizokuwa na mjadala wa jinsi ile. Aliyeanza ni mama mmoja mwuza omena, ambaye kapu lake lilikuwa limeujaza ukumbi harufu. Alisema kwamba filamu za kuchekesha zinazorudi kwa mara ya pili humwudhi. Akatoa mfano wa Eddie Murphy katika Coming to America ya mwaka 1988, na ile ya pili iliyotoka mwaka 2021, miaka 33 baadaye. "Ile ya kwanza," alisema, "nilicheka kwa sababu mwana wa mfalme alishika ufagio na hajui kufagia. Hii ya pili yeye mwenyewe ameshakuwa mfalme. Mfalme akikaa katika kiti chake, mimi nicheke nini?"

Mzee mmoja fundi viatu akamjibu kwamba si kila filamu ya pili ni mbaya. Yeye aliikumbuka The Gods Must Be Crazy ya Jamie Uys wa Afrika Kusini, iliyotoka mwaka 1980, ambamo mtu wa Kalahari anafunga safari kwenda kuitupa chupa ya soda iliyoanguka kutoka angani. Ya pili ilitoka mwaka 1989. "Hiyo ya pili niliipenda zaidi," alisema mzee, "maana yule baba hakuwa akitafuta mahali pa kutupa chupa. Watoto wake walikuwa wamechukuliwa na gari. Nilicheka, lakini roho yangu ilikuwa juu juu mpaka alipowapata."

Nikiwa katika kona yangu nilikumbuka hadithi za Abunuwasi. Hizo nazo ni nyingi, na kila moja ni mwendelezo wa nyingine, lakini sijamsikia mtoto akilalamika kwamba Abunuwasi amerudi. Sababu yake, nadhani, ni kwamba katika hadithi hizo mtu ni yule yule lakini hila ni mpya, na kila mara Sultani anaweza kuamuru akatwe kichwa. Hatari haipungui. Filamu zile alizozikataa mama zimeubakiza mzaha na kuiondoa hatari.

Kutoka vichekesho mazungumzo yakahamia kwa majagina. Kijana mwendesha bodaboda alikuwa na malalamiko yake. Alieleza kwamba Wolverine alikwisha kufa katika filamu ya Logan, mwaka 2017. "Tulimlilia," alisema, "nami sioni haya kusema. Alipigana akiwa mgonjwa, akafa akimkinga mtoto. Sasa hawa wameanza filamu yao kwa kumfukua mifupa ili tucheke. Kwetu mtu akizikwa amezikwa." Kisha akailinganisha na filamu za Black Panther. Wasomaji watakumbuka kwamba filamu ya kwanza, ya mwaka 2018, ilipendwa sana huku kwetu. Lupita Nyong'o, ambaye kwao ni Kisumu, alicheza humo. Florence Kasumba aliyezaliwa Kampala naye alicheza. Na Daniel Kaluuya ni mwana wa wazazi wa Uganda. Mwigizaji mkuu, Chadwick Boseman, alifariki mwezi wa Agosti 2020, naye alikuwa na umri wa miaka 43. Filamu ya pili ilipotoka mwaka 2022, waliyoitengeneza hawakumweka mtu mwingine mahali pake. Mfalme alikufa na ndani ya filamu, na nchi yake ikamwomboleza. "Hao ndio waungwana," alisema yule kijana. "Walimzika mtu wao."

Lakini si wote waliokubaliana. Msichana mmoja msusi, ambaye mpaka hapo alikuwa akicheka tu, alisema kwa ukali kidogo: "Mimi ninalipa pesa yangu nicheke. Mambo ya kufa ninayo nyumbani." Hakuna aliyemjibu upesi. Hata mimi sikuwa na jibu. Mtu aliyeshinda tangu alfajiri akisimama ana haki ya kukaa saa mbili mbele ya mtu asiyeumia. Naandika maneno yake hapa kwa sababu sisi walimu tumezoea kudhani kwamba anayependa kazi nyepesi hana fikra, na yeye alikuwa na fikra yake, tena aliisema kwa maneno machache kuliko wengine wote.

Ndipo mtu mmoja akasema, "Mwulizeni huyu mwanafunzi. Yeye huzitazama zote." Sauti niliyoisikia gizani ilikuwa ya mvulana wangu.

Hakujua kwamba nimo humo. Aliongea kwa muda mrefu, kwa Kiswahili cha mabandani, bila ya kusita. Alieleza kisa chote kwa ajili ya waliochelewa, akampa kila mhusika sauti yake, kisha akatoa maoni. "Mtu mwenye hawezi kufa akipigana," alisema, "ni kama mtu anacheza kadi na pesa ya mwingine. Hakuna kitu anapoteza. Wamekatana ndani ya gari usiku mzima, asubuhi wako sawa. Mimi sikumwogopea hata mmoja." Watu wakapiga makofi. Yule mzee akasema, "Umenena."

Umeme ukarudi. Mvulana akageuka, akaniona, na uso wake ukabadilika. Ule ufasaha wote ukamtoka mara moja. "Mwalimu," alisema, akatazama chini. Alisimama kama anavyosimama darasani kwangu. Nimefundisha kwa zaidi ya miaka ishirini, na sijapata kuaibika mbele ya mwanafunzi kama nilivyoaibika saa ile, ingawa ni yeye aliyedhani kwamba amekamatwa.

Jumatatu niliomba daftari lake nikaisoma tena ile insha. Swali lilikuwa pale pale, chini ya wino wangu: sasa wanapigania nini? Ni swali ambalo mimi mwenyewe hulifundisha kila mwaka kwa njia ya kuzunguka. Tunaposoma habari za Fumo Liyongo, ninawaeleza wanafunzi kwamba hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na kwamba aliyeitia sindano hiyo alikuwa mwanawe mwenyewe, aliyehadaiwa na maadui wa baba yake. Tunapozungumza juu ya Lwanda Magere, ambaye Wajaluo husimulia kwamba mwili wake ulikuwa jiwe, ninawaeleza kwamba siri yake ilikuwa katika kivuli chake, na kwamba mke aliyetoka kwa maadui ndiye aliyeitambua. Wazee waliotutungia visa hivyo walijua kwamba jagina asiyekuwa na mahali pa kuchomwa hana hadithi. Walijua pia kwamba mahali hapo hujulikana na mtu wa karibu, na hapo ndipo uchungu unapoanzia. Mvulana huyu aliyafikia hayo bila ya msaada wangu. Nami, badala ya kumwambia kwamba amefika, nilimwonyesha kwamba amekosea njia.

Sisemi kwamba makosa yake hayakuwa makosa. Mtihani utamtaka aandike "anayeweza", na kumwacha bila ya kumfundisha hivyo ni kumdhulumu. Ninachosema ni kwamba nilisahihisha sentensi bila ya kuisoma, na kwa kufanya hivyo nilimnyamazisha mtu aliyekuwa na la kusema.

Kwetu Uganda jambo hili lina uzito wake. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na wazee wengi wa huku bado hukisikia kama sauti ya mwanajeshi kwenye kizuizi cha barabarani. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ikakitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maamuzi hayo ni mazuri, nami nayafurahia. Lakini amri haimfanyi mtoto aipende lugha. Nina darasa ambalo wengi wake hukichukua Kiswahili kama karo nyingine ya kulipwa. Katikati yao yumo mmoja anayevuka mpaka kwa hiari yake, analipa kwa fedha yake, ili asimuliwe hadithi kwa Kiswahili. Huyo ndiye niliyempa alama nne.

Tukumbuke vilevile kwamba neno bodaboda lilizaliwa hapa mpakani, kwa waendesha baiskeli waliowachukua abiria na mizigo kutoka mpaka hadi mpaka. Hakuna baraza lililoliidhinisha. Leo linasemwa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Sijui kama "steringi" litafika huko, wala siliombei kura. Lakini mwalimu wa Busia akisema kwamba lugha ya barabarani si lugha, barabara yenyewe itamcheka.

Mwezi wa Novemba niliwaonyesha wanafunzi filamu ya Supa Modo, ya Likarion Wainaina wa Kenya. Ilianza kuonyeshwa katika tamasha la Berlin mwezi ule ule wa Februari 2018 ambao Black Panther ilitoka. Ni fupi, yapata saa moja na robo, na ndani yake mnasemwa Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza. Inamhusu msichana mdogo aitwaye Jo, ambaye anaugua ugonjwa usiopona na anatamani kuwa jagina. Kijiji kizima kinashirikiana kumfanya aamini kwamba ana nguvu, na hatimaye wanaamua kutengeneza naye filamu. Sikuwaeleza wanafunzi lolote kabla yake. Ilipokwisha, darasa lilikaa kimya. Kisha mvulana wangu, ambaye tangu ile Jumamosi sikuwa nimesikia neno lake, aliinua mkono.

"Huyu ndiye steringi," alisema. "Huyu anaweza kufa."

Sikumsahihisha. Niliandika ubaoni maneno yake kama alivyoyasema, na chini yake nikaandika "mhusika mkuu", "jagina" na "shujaa", nikawauliza wote kuna tofauti gani baina ya maneno hayo manne. Kipindi kiliisha kabla hatujakubaliana. Waliendelea kubishana mpaka nje, kwa Kiswahili, jambo ambalo sikuwa nimelisikia katika shule yetu.

Daftari lake nililirudisha siku ile. Chini ya ile mistari myekundu nilikuwa nimeandika: "Swali hili ni zuri. Liendeleze kwa ukurasa mmoja." Alisoma, akanitazama kwa muda, akauliza, "Mwalimu, niendeleze kwa Kiswahili gani?"

Nilimjibu kwamba aandike kwanza kwa kile alichokizungumza siku ya mvua, kisha tutakaa pamoja tukiandike upya kwa kile cha mtihani, bila ya kulipoteza swali. Ndivyo tunavyofanya mpaka sasa. Wakati mwingine nakala ya pili huwa safi, nami naona kwamba kitu fulani kimebaki katika ile ya kwanza. Wenzangu mnaofundisha mipakani, Malaba, Tororo, Namanga na kwingineko, bila shaka mmeulizwa swali kama lile. Ningependa kusoma katika kurasa hizi ninyi mmelijibuje.